Sekunde Arobaini Kamili

Shemeji aliponiuliza itamchukua muda gani kuwa na kasi, nilimjibu miezi sita. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza yake, nakaza pedali kwenye fremu ya chuma, na jibu lilinitoka kama mtu anavyomwambia mgonjwa kwamba leo uso wako umechangamka. Mimi mwenyewe nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye ile gemu ya kompyuta ya magari ya mashindano, na bado kulikuwa na watu wananipita kama nimesimama kununua vocha.

"Miezi sita," akarudia. "Basi si mingi."

"Kwako wewe labda hata minne. Wewe ni dereva."

Alikuwa dereva kweli. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha gari la wagonjwa la hospitali, na watu wakamwita King'ora. Hata mke wake, ambaye ni dada yangu, alimwita hivyo siku za furaha. Alisifika kwa kufika mapema bila mgonjwa kutikisika. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba kwa madereva wengine walisubiri gari lisimame ndipo wachome sindano, lakini kwa King'ora walichoma gari likiwa mwendoni.

Asubuhi moja, akirudi hospitali bila mgonjwa, alimgonga mwendesha baiskeli aliyetokea kushoto kwenye njia panda. Jua lilikuwa limewaka na barabara ilikuwa kavu. Yule mtu alivunjika mfupa wa bega, akapona. Lakini shemeji aliapa kwamba kushoto hakukuwa na mtu, na aliapa kwa namna ambayo daktari mmoja aliyekuwa anamsikiliza akaacha kuandika, akamwandikia aende kitengo cha macho siku ileile.

Huko walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, kidevu kwenye kishikio, wakampa kitufe. Abonyeze kila akiona cheche ya mwanga. Alibonyeza mara chache. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma, inayoanza kula pembeni ikija katikati taratibu huku mwenyewe hana habari.

"Kilichokwenda hakirudi," daktari alimwambia. "Matone haya ni ya kulinda kilichobaki."

Leseni ikaondoka. Hospitali haikumtupa, ilimpa kazi ya geti. Gari la wagonjwa likisikika kwa mbali, yeye ndiye aliyeinua kile kizuizi cha bomba, na dereva mpya, aliyefundishwa na yeye mwenyewe, alipita akimpungia mkono. Jioni alirudi nyumbani, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Dada akaja kwenye banda langu ninakotengeneza simu na kompyuta.

"Mdogo wangu, mtafutie yule mtu kitu cha kushika," akasema. "Mikono yake inanitisha."

Ndipo nikampelekea usukani wangu wa zamani, pedali zake na kompyuta niliyoiunga kwa vipande vya kompyuta tatu zilizokufa. Na hapa niseme kitu ambacho sikukitarajia. Katikati ya macho yake bado kulikuwa safi kabisa. Alipokaa hatua moja kutoka kwenye kioo, kioo kizima kilienea ndani ya kile kilichobaki. Barabara yote, ukingo kwa ukingo, ilikuwa mbele yake, wala hakuna baiskeli ambayo ingetokea kushoto. Alikaa akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kukanyaga mafuta.

Siku ya kwanza alizunguka kwa dakika mbili na sekunde kumi na moja, na akaingia kwenye majani mara tisa.

"Gari hili halina uzito," akasema akicheka. "Dereva anasikiliza kwa makalio, shemeji. Hapa makalio yangu hayaambiwi chochote."

"Utazoea. Sikiliza kwa mikono."

"Na mtu akitaka kuingia kwenye ligi anatakiwa kuzunguka kwa muda gani?"

Kulikuwa na ligi ya mtandaoni, daraja la pili, kwenye njia ileile yenye kona kumi na nne. Ukipata dakika moja na sekunde arobaini kamili, au chini ya hapo, jina lako linaingia lenyewe. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa kijiji anachokifahamu.

Baada ya wiki mbili alikuwa kwenye hamsini na tano. Tulikuwa tumeshaacha kutaja ile dakika moja, tulitaja sekunde tu. Dada ni mwalimu wa hisabati, na mwalimu wa hisabati haachi namba zizurure ovyo. Alichukua karatasi ya miraba, akachora mistari miwili, na kila Jumapili akaweka nukta. Nukta zikashuka kwa kasi kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mwezi wa tatu alifika arobaini na saba. Pale getini alianza kuwasimulia walinzi wenzake habari za kona, nao wakamsikiliza kwa heshima, ingawa mmoja wao aliniuliza pembeni kama shemeji yangu amenunua gari.

Halafu akakwama. Tatizo lilikuwa mguu. Kwenye mashindano breki unaikanyaga kwa nguvu zote mwanzoni, kisha unaiachia kidogo kidogo ukiingia kwenye kona. Yeye aliianza mbali, kwa upole, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Kanyaga kama unaua nyoka," nikamwambia.

"Nikikanyaga hivyo, mgonjwa anaanguka."

"Hakuna mgonjwa, shemeji."

"Mimi najua," akasema. "Uambie mguu."

Mguu ulichukua miezi miwili na nusu kusadiki. Siku miezi sita ilipotimia alikuwa na arobaini na tatu na nukta nane, akaja bandani kwangu akitoka kazini, akiwa bado na koti la geti.

"Imeisha leo ile miezi yako," akasema.

"Unakwenda vizuri. Ongeza sita mingine."

"Mwezi uliopita nimepunguza nusu sekunde tu. Wiki mbili za kwanza nilipunguza kumi na sita."

"Ndivyo ilivyo. Sekunde za kwanza ni za bure, kila mtu anagawiwa. Hizi za mwisho ndizo zinakula watu."

Alinitazama. Ilibidi ageuze kichwa kizima ili kunitazama, maana nilikuwa upande wa kushoto. "Hilo ulilijua tangu siku ile unakaza pedali?"

Mbele yangu kulikuwa na simu iliyofunguliwa tumbo. Nikaiinamia, nikajitia nina kazi nayo.

Hata hivyo hakuacha. Kila siku alitoka getini, akaoga, akatia matone, akaendesha saa mbili mpaka chakula kilipoiva. Alijifunza ile njia kama mtu anavyoijua nyumba ya mama yake. Mwaka ulipotimia alifika arobaini na moja na nukta sita. Mwezi wa kumi na nne, Jumapili mchana, dada alinipigia simu na kunishikia ile simu karibu na mumewe ili nimsikie mwenyewe.

"Arobaini na nukta tisa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Imebaki hiyo tisa tu, shemeji."

Nilikwenda jioni ileile tukanywa soda. Dada alikuwa ameweka nukta yake kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo nukta ya chini kabisa kwenye karatasi ile.

Mwezi uliofuata alipata arobaini na moja na nukta mbili. Nikamwambia ni uchovu. Uliofuata, arobaini na moja na nukta tano. Nikamwambia kiti kimelegea, nikakibadilisha. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Kiti kilikuwa kinarudi nyuma. Ili kioo kienee ndani ya tundu lake la kuonea, ilimbidi akae mbali zaidi, na pedali zikamfuata, na mara mbili nililazimika kuunga vipande vya chuma kwenye fremu ili ifike alipo. Nilipima, nikakata, nikachomelea, nikafunga. Hakuna kati yetu aliyesema kwa nini.

Kwenye mashindano ya wazi ya mtandaoni, yasiyohitaji ligi, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gari likija ubavuni hakuliona, akalifungia njia, wakagongana. Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma yake, sauti ikatoka kwenye spika, ya mtu aliyekasirika kutoka sijui wapi.

"Wewe namba thelathini na moja. Huoni?"

Shemeji alibonyeza kitufe cha kuongea. "Sioni, ndugu yangu," akajibu. "Samahani."

Wakacheka, watano au sita, wakidhani ni mzaha. Baada ya kulalamikiwa mara tatu akafungiwa mwezi mzima kushindana na wenzake. Akabaki akizunguka peke yake.

Dada alikuja bandani na bahasha ya kaki. Akasogeza simu za watu pembeni, akaweka karatasi mbili juu ya kioo cha kabati. Moja ilikuwa ile yake ya nukta. Nyingine ilikuwa ya kitengo cha macho, ile inayotoka kwenye mashine ya bakuli, duara lenye madoa meusi mahali ambapo mtu haoni. Doa lilikuwa limezunguka pande zote na sasa lilikuwa na ulimi unaoingia katikati.

"Nieleze hii ina maana gani," nikasema, ingawa nilikuwa naiona.

"Mstari wangu ulikuwa unashuka, ukageuka hapa." Akaweka ukucha. "Tarehe ya hapa na tarehe ya huu ulimi ni wiki moja. Mimi nafundisha watoto kusoma mistari kila siku, mdogo wangu. Huu hautafika arobaini. Ulikuwa unakimbizana na huu mwingine, umeshapitwa."

"Yeye umemwambia?"

"Anajua. Hajasema, lakini siku hizi hataki nimsomee namba."

"Tumwambie aache?"

"Aache aende wapi?"

Akakunja karatasi zake, akazirudisha kwenye bahasha, akaenda kusahihisha madaftari. Hakuniomba chochote. Nililofanya nililitoa kwenye kichwa changu mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana. Yeye yupo getini, dada yupo shuleni. Ufunguo wao wa akiba huwa ninao. Niliingia, nikaketi kwenye kile kiti kilichorudishwa nyuma hadi karibu na ukuta, nikaendesha kwa jina lake. Ilinichukua kama dakika arobaini kulizoea lile umbo la mwili wake kwenye kiti. Kisha nikapata thelathini na tisa na nukta nane. Nilizima kila kitu, nikaupangusa usukani kwa fulana yangu kama mwizi, nikaondoka na furaha moyoni. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Barua ya ligi itakuja, naye ataamini ni mmoja wa mizunguko yake ya jana, kwa sababu zile tarehe ndogo chini ya kioo hawezi tena kuzisoma. Nilitegemea upofu wake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jioni dada alinipigia. "Njoo," akasema, akakata.

Nilimkuta shemeji kwenye kiti, bado na koti la geti, anatazama marudio ya ule mzunguko. Gemu huhifadhi picha ya mzunguko bora wa mtu, ukaangalia utakavyo. Aliutazama mpaka mwisho, akaurudisha, akautazama tena. Sisi wawili tulisimama nyuma yake. Mara ya tatu akausimamisha katikati.

"Kona ya saba mimi siingii hivi," akasema. "Mimi nasubiri kibao cha mita hamsini kitokee, ndiyo nageuza. Huyu ameshageuza kabla. Anatazama mbali, kule kona inakotokea." Akagusa kioo kwa kidole. "Huyu anaona."

Akageuza kichwa kizima mpaka akanipata.

"Ni wewe."

"Ni mimi, shemeji."

"Ifute."

"Haifutiki. Inabaki ile bora."

"Na ile yangu? Ya nukta tisa?"

Nilijaribu kutafuta namna nzuri ya kulisema. Hakukuwa na namna. "Gemu inaweka moja tu. Mpya ikiwa bora, ya zamani inaondoka."

"Kwa hiyo haipo."

"Ipo kwangu," dada akasema haraka. Akachukua karatasi yake, akaipeleka mbele ya uso wa mumewe, akaisogeza kushoto, akaisogeza nyuma, akitafuta mahali ambapo angeiona ile nukta nyekundu. Mwisho akamshika kidole akakiweka juu yake. Shemeji alikipitisha pale, mbele na nyuma. Lakini karatasi ni karatasi. Nukta ya kalamu haina kinundu.

"Nilitaka ufurahi," nikasema.

"Najua ulichotaka." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Shemeji, nimebeba watu miaka kumi na tisa. Wengine walifika wazima, wengine walinifia nyuma pale nikisikia. Lakini hakuna hata mmoja niliyemwambia tumefika wakati hatujafika."

Dada aliwaandikia watu wa ligi kwamba mwenye jina anajitoa. Hawakujibu. Mimi nilijaribu kufungua jina jipya, aanze upya na namba zake mwenyewe, lakini yeye akauliza swali moja tu: arobaini na nukta tisa utaipata wapi tena? Kwa jina jipya angeanzia na arobaini na nne, na hiyo ndiyo ingekuwa bora yake. Nikaliacha.

Aliendelea kama miezi minne. Kila alipovuka mstari, gemu ilimwonyesha kwa maandishi makubwa mekundu yuko nyuma kwa kiasi gani, na aliyekuwa mbele yake ni mimi. Sekunde nne. Sekunde tano na nusu. Nilitafuta mahali pa kuzima maandishi yale, sikupaona, au labda niliona aibu kukaa tena kwenye kiti kile muda wa kutosha kupatafuta. Dada aliacha kuweka nukta. Hakutangaza, ila Jumapili moja nilimwona anapanga vitabu vyake na karatasi ya miraba haikuwapo mezani. Baadaye kidogo naye shemeji akaacha. Jioni alirudi, akaoga, akatia matone, akaketi upande wa pili wa chumba.

Getini alidumu mpaka siku aliposhusha kizuizi juu ya boneti ya gari la wagonjwa. Alikuwa amesikia king'ora kikipita, akadhani lote limepita. Hakuna aliyeumia, na dereva mwenyewe alimtetea kwa mkuu wa hospitali. Lakini hata mtu anayekutetea hawezi kusema unaona. Alistaafishwa kwa barua ya adabu kabisa, iliyomshukuru mara tatu. Nyumba ilikuwa ya hospitali, kwa hiyo nayo ikaombwa irudishwe ifikapo mwisho wa mwezi.

Siku ya kuhama nilikwenda mapema kusaidia kubeba. Tangu ile Jumatano tulikuwa tunasalimiana vizuri, tunaulizana afya, lakini utani wetu wa mashemeji ulikuwa umekauka, na hakuna aliyejua aanzie wapi kuunyeshea. Tulitoa kitanda, kabati la vyombo, magunia mawili ya vitabu vya dada. Nilipofika kwenye ile fremu na spana yangu, alinyoosha mkono.

"Nipe. Naifungua mwenyewe."

"Nati ziko nyingi, shemeji."

"Nipe."

Alikaa chini sakafuni, akaanza. Alizitafuta kwa vidole, akaweka spana, akazungusha, akakitia kila kipande kwenye kopo la plastiki alilolibana kati ya mapaja. Fremu ile nilikuwa nimeirefusha mara mbili kwa mikono yangu, na sasa nilimwona anavifikia vile vipande vya nyongeza, anavipapasa maungio, anaelewa vimewekwa lini na kwa nini. Sikuweza kuondoka. Nilijifanya nafunga kamba kwenye boksi lililokuwa limeshafungwa. Ilimchukua karibu saa nzima, na dereva wa lori la kuhamia alikuwa ameanza kuchungulia mlangoni.

Nati ya mwisho ilimponyoka. Ililia sakafuni, ikabingirika, ikasimama wazi kabisa kwenye saruji, hatua moja na nusu kutoka kwenye goti lake la kulia. Akapiga magoti. Akaanza kupangusa sakafu kwa viganja, kutoka ukutani kuja katikati, kwa mistari, kama mtu anayedeki.

Nilifungua mdomo.

"Usiniambie iko wapi," akasema bila kugeuka.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na blanketi limekunjwa kifuani. Aliiona nati, akaniona mimi, akatikisa kichwa mara moja. Kiganja cha shemeji kilikuja mpaka karibu, kikapita kando yake kwa upana wa kidole, kikaendelea mpaka kwenye mguu wa meza. Nje lori lilipiga honi. Alisimamisha mikono kidogo, akasikiliza, kisha akarudi ukutani, akaanza tena.